Paswadi ya Historia ya Marehemu

Mume wangu alikuwa mpishi wa jeshi. Alipika maharage mpaka akastaafu, nami nilitaka azikwe akiwa mpishi. Kwetu, marehemu husomewa historia yake kabla ya kushushwa kaburini, na ya kwake ilikuwa kwenye kompyuta ya mama mmoja anayechapa karatasi pale Mvara. Mdogo wa marehemu akawa anapita hapo "kusahihisha." Asubuhi nilikuta mume wangu amekuwa sajini. Jioni, kapteni.

"Tuweke paswadi," mchapaji akaniambia. "Programu hii ni ya bure, lakini ukisahau neno lako hata mimi sifungui."

Kulikuwa na paswadi mbili: ya kubadilisha na ya kufungua. "Ile ya kubadilisha wajanja wanairuka," akasema. "Weka ya kufungua." Nikamrudisha mpishi mahali pake, nikafunga kwa maneno niliyomwambia mume wangu kila siku mezani.

Tulimzika kijijini, Ludara. Ukoo ulimchagua shemeji huyo huyo kuwa msomaji. Akafungua kompyuta tuliyoazima kwa mchapaji, akanigeukia na kipaza sauti.

"Shemeji, hii kitu iko na kufuli! Neno ni gani?"

Nilikuwa mkekani, kando ya jeneza. Nikajibu polepole.

"Sauti, mama!" watu wakaita.

"Chumvi imezidi. Herufi ndogo, bila nafasi."

"Chumvi imezidi!" akawatangazia waombolezaji wote. "Bila nafasi!"

Mchungaji aliinamisha kichwa, nadhani alidhani ni sala.

Ikafunguka. Shemeji alisoma vizuri mpaka akafika penye kazi ya marehemu. "Alitumikia jeshi kama kapteni."

Mdomo wake sikuwa nimeuwekea paswadi.

"Mpishi," nikasema.

"Kapteni."

"Mpishi, shemeji. Soma yenye iko hapo."

Akafuta jasho. "Kapteni wa jikoni."

"Hata jikoni hakuwa mkubwa. Alikuwa wa maharage."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wakilia. Shemeji akaja, akaniwekea kompyuta mapajani. "Basi soma wewe, mama ukweli!"

Niliacha shule primari ya tano. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka wachimba kaburi wakaketi chini. Nilipofika penye jina langu sauti ilikatika, nikairudia sentensi hiyo tangu mwanzo.