Tumbawe la Nyamai na Jicho la Mama Mkwe

Nyamai ni fundi wa redio na televisheni pale Salama, na mikono yake ina ugonjwa mmoja: haiwezi kuona kitu kimetulia ikakiacha. Redio inayocheza vizuri ataifungua aone kwa nini inacheza. Kazini tabia hiyo imemjengea jina. Nyumbani imeua matumbawe mawili.

Ndiyo, matumbawe, vile viumbe vya baharini vinavyofanana na jiwe lililoota maua, na hapa ni Salama, ambako hata maji ya kunywa hufuatwa kwa mitungi. Sebuleni ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya machungwa, taa, na pampu inayonguruma mchana kutwa. Mkewe Kavata amelivumilia kwa miaka. Lakini tumbawe la pili lilipokufa, likanuka mpaka wageni wa fellowship ya kanisa wakaomba dirisha lifunguliwe, aliweka sharti.

"Baba Mutie, ingine ikikufa, hiyo tangi inatoka. Hapo nitaweka freezer."

Na Kavata si mtu wa vitisho vya bure.

Basi rafiki yake Muturi, anayekuza matumbawe kwenye matangi yake huko Mombasa, akamtumia la tatu kwa basi, ndani ya mfuko wa maji uliofungwa vizuri. Mwanzoni Nyamai alifanya kila kitu sawasawa. Aliuelesha mfuko ndani ya tangi mpaka joto likalingana, akatia maji ya tangi kidogo kidogo, akalikalisha tumbawe juu ya mwamba. Tumbawe lililoridhika hutoa vidole laini vinavyochezacheza majini. Hili lilijikunja, likanuna.

"Iko stressed," Muturi alimwambia kwa simu. "Safari imeichosha. Punguza taa, halafu wachana nayo. Itafunguka yenyewe. Nyamai, umenisikia? Usiiguse."

Alisikia vizuri sana. Asubuhi yake akalisogeza karibu na pampu. Jioni akalirudisha. Kesho yake akaongeza taa ili mgeni achangamke, na alipoona hachangamki, akamgeuza upande wa pili.

Hapo ndipo Mama Kalunde, mamake Kavata, alipofika kutoka Nunguni. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na daktari alitaka akae karibu na barabara kuu ili kurudi kliniki kusimsumbue. Sasa, Wakamba wengi wa siku hizi wameilegeza nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Mama Kalunde hakuilegeza hata kidogo. Kwake, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Nyumba yenyewe ni sebule, chumba kimoja cha kulala na jiko dogo, kwa hiyo aliyehama ni mwenye nyumba. Nyamai alibeba godoro akaenda kulala kwenye kibanda chake cha kazi, katikati ya televisheni zilizopasuka vioo, huku mama mkwe akiketi sebuleni kutwa, bandeji jichoni, kiti mkabala na tangi.

Tusidanganyane, ilimkera mpaka akakosa hamu ya kula. Tumbawe lake linakufa ndani, naye anazunguka uani mwake kama mtu aliyekuja kuomba maji. Siku moja Kavata akatokea mlango wa jikoni.

"Mama anasema hiyo taa inamuumiza jicho. Nimepunguza."

"Umepunguza? Nani alikuambia uguse taa yangu?"

"Ingia basi umwambie mwenyewe."

Nyamai aliutazama mlango, akarudi nyuma hatua moja.

"Na pazia?" akauliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Nimefunga pia."

"Jiwe iko aje?"

"Imenuna kama wewe."

Akamsihi alisukume kushoto kidogo tu. Kavata akakataa katakata, akasema mkono wake hauingii kwa hiyo maji hata kwa dawa. Tangu hapo Nyamai alikuwa akiunguza waya ovyo na kuwafokea wateja. Alijua mwisho umefika siku aliyomwona mkewe dirishani na futi ya kushonea, akidai anapima pazia. Pazia gani lina upana wa freezer?

Kisha Mama Kalunde akapelekwa kliniki, bandeji ikatolewa. Mchana ule ule Kavata alikuja kibandani akihema.

"Mama anasema jiwe yako imetoa vidole."

Nyamai aliiacha kazi mezani akakimbia, akavuka uwanja, na mguu ulikuwa tayari kizingitini aliposikia kikohozi. Akaganda, akageuza uso. Mama Kalunde akajitanda leso kichwani, akapita ukutani taratibu, akaingia jikoni. Pazia la jikoni likashuka.

Nyamai akaingia. Kweli bwana. Katika ule mwanga hafifu tumbawe lilikuwa limefunguka lote, vidole vya kijani vikicheza na maji kana kwamba havijawahi kununa. Nyamai alifurahi mpaka macho yakamlenga machozi. Alisogea, akainama, akalitazama vizuri.

Lilikuwa limeinama kushoto. Kidogo tu.

Akakunja mkono wa shati. Vidole vikagusa maji.

"Nyamai!"

Tangu amwoe Kavata, mama huyu hakuwahi kumsemesha hata neno moja, sembuse kumtaja kwa jina lake. Aligeuka bila kujijua. Kwenye upenyo wa pazia la jikoni kulikuwa na jicho moja, jipya kutoka kliniki, linalomwona waziwazi.

"Toa mkono."

Akautoa.