Kibanio Kilichopotelea Nyasini

Harufu ya nyasi mbichi ikichanganyika na grisi hunirudisha utotoni mpaka leo. Nyumba yetu ya Buganguzi ilikuwa na sakafu ya udongo, na kila tulipotarajia wageni mimi ndiye niliyekata nyasi na kuzitandaza sebuleni, nene kiasi cha mguu kuzama. Msimu ule wa mvua wageni walikuwa wengi, kwa sababu mama aliumwa mgongo. Aliteleza kibanjani, kwenye migomba yetu, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na tangu hapo kukaa kulimtesa kuliko kusimama. Daktari wa mifupa alitarajiwa Bukoba mjini siku ya Jumatatu, na usafiri wetu ulikuwa pikipiki ya baba.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kelele tupu. Cheni ilikuwa imelegea, sproketi zimelika meno, na mtetemo ulipanda kutoka kwenye kiti hadi kwenye fizi. Mama aliijaribu mara moja, akashuka analia kabla ya kufika barabarani. Basi baba akanunua cheni na sproketi mpya, akachonga raba za gurudumu la nyuma kutoka kwenye tairi kuukuu ili zimeze mtikisiko. Jumapili, kwa kuwa mvua ilipiga baraza lote, aliisukuma pikipiki hadi sebuleni, juu ya nyasi nilizotandika asubuhi. Mama, aliyelala chumbani mlango ukiwa wazi, akamtania, "Baba Kemi, leo umeniletea mke mwenza mpaka ndani?" Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, nikaamini kwamba mama atapona.

Kilichomponyoka baba akifunga cheni, kikaangukia nyasini, ni kibanio, kijichuma kidogo kama ukucha, kinachozuia ncha mbili za cheni zisiachane. Tulipapasa kwa magoti, tukazifukua nyasi kona hadi kona, hatukukiona. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na kibanio cha zamani hakikulingana na cheni mpya. Mwishowe baba alifunga kwa waya, akaubana kwa koleo. Alipowasha, hata chai ya kikombe alichokiweka juu ya kiti cha pikipiki haikutikisika. "Hii nitaiweza," mama akasema. Asubuhi waliondoka, mama akimsihi baba, "Mpola mpola," aende polepole, nami nikasimama nikiusikiliza mlio uliofifia upesi mno. Mlimani, kabla ya kufika kwenye lami, waya ulikatika, cheni ikajisokota gurudumuni, mama akaangukia mgongo uleule. Hakusimama tena.

Alifariki msimu wa senene. Tulipokwangua nyasi za zamani hadi kwenye udongo ili tuwatandikie waombolezaji nyingine, nilikiona kibanio, kimeganda kwenye tope karibu na mlango wa chumba chake. Baba alikipokea, akakifuta kwa shati, akakitia mfukoni na kutoka kwenda kupokea watu.

Sasa naishi Nyanga, Bukoba mjini, nyumba ya sakafu ya vigae. Kitu kikidondoka nakisikia, nakiona papo hapo. Baba akija kunitembelea, hapandi bodaboda yoyote kabla ya kuinama na kukagua cheni, na vijana humcheka kwamba mzee huyu naye ni fundi. Cheni zao zote zina vibanio. Aliyekihitaji kimoja alikuwa mama.