Mheshimiwa Aliyeomba Ukoko

Nimekana kwa miaka mingi, leo nakiri: mwanasiasa wa kwanza niliyempenda maishani mwangu hakuwa Mtanzania wala Mmarekani. Kila ninapoalikwa kuzungumza mahali na kuulizwa ni nani aliyenitia hamu ya siasa, hutaja mashujaa wa ukombozi, nikatikisa kichwa kisomi, na watu wakaandika. Uongo mtupu. Alikuwa mzee wa Kimalesia, wa ndala na fulana ya ndani, aliyeishi mlango unaotazamana na wetu pale Annandale, Marekani.

Mwezi uliopita nilipita pale kwa shughuli zangu nikasimamisha gari bila kupanga. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa ikitoka dirisha la ghorofa ya pili, na mimi na shahada zangu zote tukasimama chini tukinusa kama paka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu juu ya zamu, na bibi aliletwa kutoka Tanga atulee. Bibi alipika wali wa nazi kwa sufuria nzito aliyosafiri nayo, juu ya jiko la umeme alilolitukana kila siku. Siku moja harufu ilivuka korido, mzee akagonga mlango. Yeye hakujua Kiswahili, bibi hakujua Kimalei, na Kiingereza chao wote wawili kilitosha kununulia maziwa tu. Lakini mzee alisema "khabar", bibi akaitikia "habari". Akasema "dunia", bibi akasema dunia ndiyo hiyo hiyo. Yaliyobaki niliyatafsiri mimi, kwa Kimalei cha kuokoteza kutoka kwa wajukuu zake, mtoto wa darasa la sita niliyejiona balozi. Mzee alimwita bibi "kakak", yaani dada mkubwa. Bibi alipojua kazi yake ya zamani akamwita Mheshimiwa, nusu kwa heshima, nusu kwa uchokozi.

Maana alikuwa mheshimiwa kweli. Alianza kama mwalimu katika jimbo la mashamba ya mpunga, akagombea, akaingia bungeni, akawapatia watu wake daraja na zahanati. Halafu akaanguka, na kilichomwangusha ni sahani ya wali. Kwao mbunge hualikwa kila harusi. Siku moja tumbo lake bovu lilimsumbua, akaenda harusini akanywa maji, akaaga. Kabla jua halijazama, jimbo zima lilishajua kwamba mbunge siku hizi anauonea kinyaa wali wao. Daraja likasahauliwa. Aliposhindwa akaja Marekani kwa binti yake, kulea wajukuu.

Basi mwaka ule chama chake kikampigia simu agombee tena. Alikuja kwetu akiwa hana raha. Alitaka sana, hilo hata mimi niliona, lakini alisema tumbo ni lile lile na harusi ni zile zile. Bibi aliendelea kukuna nazi. Kisha akanigeukia.

"Mwambie aombe ukoko."

Mzee aliufahamu ukoko, ule wali ulioungulia chini ya sufuria. Kwao una jina lake. Bibi akamfafanulia: mgeni anayeomba ukoko si mgeni tena. Mpishi hawezi kumnunia, wala hakuna wa kumjazia sahani, kwa sababu ukoko wenyewe ni kidogo na unagombewa. Tena hauletwi mezani, unaufuata kwenye majungu. "Na kura ziko huko kwenye majungu," alisema bibi, ambaye maishani hakuwahi kugombea hata uenyekiti wa upatu.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa sikukuu. Tulimtembeza Mheshimiwa mlango kwa mlango afanye mazoezi, mimi mbele kama mpambe, wajukuu zake wakipeperusha taulo badala ya bendera. Nesi wa Kikenya wa ghorofa ya chini alimtegea chapati. "Mzee, hiyo ni ya kumaliza. Ukiiacha, nitajua hunipendi." Mzee akamwomba kile kipande kilichoungua pembeni, nesi akacheka mpaka akakaa chini, akampa. Mama wa Kikongo alimpakulia kisamvu mlima mzima. "Papa, ukule tu, usiogope." Hapo mbinu ilikwama, kwa kuwa kisamvu hakina ukoko. Mheshimiwa akala, akapata adhabu yake hadi jioni. Bibi akasema amefeli somo moja tu, aende.

Akaenda. Wiki zile niliishi kwa kadi za simu ambazo binti yake alipigia kwao. Tulisikia kwamba amejiandikisha, kwamba mpinzani wake ana magari na muziki, kwamba yeye anaonekana nyuma ya nyumba za harusi, amechuchumaa na wapishi, anakwangua. Shuleni nilitangaza kwamba nina mgombea. Mwalimu alidhani namaanisha rais wa Marekani.

Siku hizi jengo lile limepakwa rangi ya kijivu, na hakuna anayegonga mlango wa mtu kabla ya kutuma ujumbe. Bibi ametangulia. Nesi alihamia Columbia, mama wa Kikongo sijui. Mimi nina sufuria isiyoshika chini, niliinunua kwa bei mbaya, na wali wangu unatoka mweupe wote, hauna cha kugombaniwa. Ningewaambia watu hayo nikiulizwa kuhusu siasa, lakini nani angeandika?

Ila asubuhi ile ya Jumapili ya uchaguzi sote tulikuwa hai, tumejazana jikoni kwetu. Kwao ilishakuwa usiku, kura zinahesabiwa mara ya pili. Bibi alikuwa akikanda unga wa maandazi kwa ngumi, kana kwamba unga ndio mpinzani. Simu ikalia. Niliwahi mimi. Nilisikia kelele za watu, ngoma, kisha sauti ya Mheshimiwa imekauka kabisa.

"Kasemaje?" bibi akauliza, unga umemjaa hadi viwikoni.

Nikamwambia: anasema ameshinda, ila tumbo lake limeshindwa, na sasa hivi amelazwa kwenye mkeka wa wapishi, wanamwimbia.