Upupu wa Bibi na Ulimi Wangu

Upupu ukitiwa kwenye maji yanayochemka hutoa harufu ya udongo uliolowa, na ndani yake kuna kaharufu ka samaki ambako mpaka leo sijui kanatoka wapi. Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, alikuwa akiupika. Harufu ikapita dirishani, nami nikajiona tena nyuma ya jiko la Bibi, na sweta langu lililotoboka kiwiko, nikichungulia.

Siusemi ule upupu wa pwani wenye maganda ya manyoya. Wetu ni jani la msituni, la mabondeni kwenye unyevu, ukilikata linachipua tena mwaka hadi mwaka kutoka mizizi ileile. Ukiligusa kidogo tu, ngozi inafura na kuwaka moto mpaka jioni. Hata mbuzi walilikwepa. Bibi alilichuma akiwa amevaa mkononi soksi kuukuu ya marehemu Babu, akalipika na viazi, nasi tukala bila kudhurika. Hapo ndipo udadisi uliponishika. Ule ukali ulikuwa unakwenda wapi?

Mama yetu alikuwa amefariki, na Bibi ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu Beno. Baridi ya Njombe ilikuwa inamkaza magoti. Mjomba, aliyeishi Makambako, alishasema waziwazi kwamba siku Bibi atakaposhindwa kwenda kisimani na shambani, mimi nitahamia kwake na Beno atapelekwa Ludewa kwa mama mdogo. Beno alikuwa bado hapati usingizi mpaka ashike sketi yangu. Niliyaogopa maneno yale kuliko giza.

Asubuhi moja, siku ambayo Mjomba alitazamiwa, nilimkuta Bibi nyuma ya jiko. Alikuwa amepandisha kitenge, soksi ile mkononi, anajichapa magoti kwa fungu la upupu mbichi, taratibu, midomo ameibana. Katekista alikuwa ametufundisha habari za kitubio, nikajua mara moja kwamba Bibi ana dhambi kubwa.

"Bibi, umekosa nini?"

Alishtuka, kisha akacheka mpaka machozi. "Sijakosa kitu, we mtoto. Naamsha magoti, yamelala mno."

"Hayawashi?"

"Yanawasha. Ndiyo yanaamka hivyo."

Akainuka, akachukua ndoo, akaenda zake kisimani akitembea kama msichana. Mimi nikabaki na fungu lile. Kama ngozi inawaka na tumbo haliwaki, basi mpaka uko wapi? Nilitaka sana kujua kama ulimi uko upande wa ngozi au upande wa tumbo. Nikautoa, nikaugusisha jani.

Uko upande wa ngozi.

Mjomba alipofika, Bibi alikuwa anapandisha kutoka kisimani, ndoo kichwani, anahema kidogo tu. "Kamwene, mwanangu!" Mjomba akamwamkia, akamtazama miguu, kisha akaniita pembeni.

"Niambie ukweli, mjomba. Bibi yako anaweza kweli? Miguu haimsumbui?"

Nilitaka kumweleza yote, maana yalikuwa mambo ya ajabu nami sikuwa mtoto wa kukaa na ajabu moyoni: soksi, kuchapa, magoti yaliyolala yakaamka. Lakini ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima. Kilichotoka ni "Mmh." Mjomba akakichukua kuwa ni jibu, akarudi ndani kunywa chai.

Alipoaga, Bibi alimsindikiza mwenyewe mpaka kule juu barabarani yanakosimama mabasi. Hakuna aliyetutenganisha, mimi na Beno, mpaka tukawa wakubwa. Miaka yote hiyo niliwaambia watu kwamba upupu unaponya magoti.

Sasa yangu nayo yameanza. Juzi hiyo nilimwomba jirani fungu, nikavaa soksi mkononi, nikajichapa kama nilivyoona. Haukuponya kitu. Moto wake ulifunika maumivu kwa muda mfupi, na kabla sijaufikia mlango yakarudi, yakawa mawili kwa pamoja. Nikakaa kizingitini nikalia.

Kutoka kwa Bibi mpaka barabarani ni mlima mtupu. Na siku ile, njia nzima, tulimsikia akimsimulia Mjomba habari za mahindi, na akicheka.