Baba Alipomdai Mnunuzi Ng'ombe

Ushirika ulipokufa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, mgeni alikuja kwetu Sapiwi kuniomba kwa baba. Hakuja kuposa. Alikuwa mnunuzi wa pamba, na tajiri wake mwenye kiwanda Maswa alikuwa anatafuta karani. Pale kijijini wasichana tuliomaliza kidato cha nne tulikuwa wawili tu, mimi na binti wa jirani, na mgeni alianzia kwetu.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali, masikio yote yako nje. Nilishajiona natoka kwenye chumba changu cha kupanga kule Binza, mjini Maswa, naenda ofisini kwa viatu vya kisigino. Hata nguo ya siku ya kwanza nilikuwa nimeshaichagua.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akauliza ataleta ng'ombe wangapi.

Mgeni alidhani ni utani, akacheka. Wapi! Kwa baba, binti hatoki kwenye mji wake bila ng'ombe kuingia. Awe anakwenda kuolewa au kushika kalamu, huko ni kutoka tu. Isitoshe, kaka yangu alitaka kuoa, na mahari yake ilikuwa inasubiri ng'ombe watakaotolewa kwa ajili yangu. Mgeni akaeleza habari za mshahara. Baba akasema mshahara ni wa msichana, sasa yeye mzazi anabaki na nini? Mgeni akaaga kwa adabu zote, akavuka njia kwenda kwa jirani.

Jirani hakuuliza ng'ombe. Kesho yake binti yake alipanda lori la pamba, likapita mbele ya mlango wetu, akanipungia mkono. Nilimwombea ajali. Kweli kabisa, nilimwombea lori lipinduke.

Halikupinduka. Mimi nikaolewa mwaka huohuo na mtu mwenye ng'ombe wengi na mwepesi wa kupiga. Kaka akaoa kwa ng'ombe wangu. Mume wangu alipokufa sikumlilia, nikarudi kwa baba kumpikia, maana mama naye alikuwa ameshatangulia.

Siku moja baba alikuwa amekaa uani na wazee wenzake, wakitazama ng'ambo ya njia, ambako binti wa jirani alikuwa amemjengea baba yake nyumba ya matofali ya kuchoma. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nawanawisha.

"Ona mwenzako, ng'wanawane," baba akaniambia mbele yao wote. "Wewe mwanangu ulishindwa nini?"

Maji nikayamwaga chini. Nikamkumbusha yote, mnunuzi, ng'ombe, lori, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nilitaka aumbuke. Nilitaka afe kwa aibu palepale, na hata leo sijutii. Yeye akanisikiliza kwa utulivu, kama alivyomsikiliza yule mgeni.

"Lori si lilipita hapo mlangoni?" akasema. "Kwani nilikufunga kamba?"

Wazee wakacheka. Miaka yote ile nilikuwa nimemwekea baba majibu, tena makali, nikiyanoa kila nilipopigwa. Kwa swali hilo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nikaenda kuchota maji mengine, nikapiga magoti, nikamalizia kuwanawisha.