Tulipobadili Gesi ya Jokofu la Kantini

Jokofu la kantini ya watumishi pale Newala lilinizidi umri. Lilikuwa pana kama kabati la nguo, na kompresa yake ilizungushwa na mota kwa mkanda, kama mashine ya kusaga. Gesi yake ya zamani ilinuka kama kibiriti kilichowashwa chini ya pua. Ikivuja kidogo tu, chumba kizima kinakohoa.

Mimi nilikuwa fundi wa serikali, mtu wa Tanga niliyepangiwa Masasi. Gesi ile ilikuwa haipatikani tena, nikatumwa nikaweke nyingine. Nilimkuta msimamizi wa kantini, mama wa makamo, mke wa mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo gesi yako inanukaje?"

"Hainuki kabisa."

"Sasa nitajuaje kama imo?"

Kumbe kila asubuhi alikuwa akiinama nyuma ya jokofu na kunusa, kama mpishi anayechungulia mchuzi. Nikamwahidi kumfundisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba. Penye tundu, povu lingetoa mapovu makubwa. Akaguna.

Nilitaka kuitoa gesi ya zamani kwa kuipitisha kwenye ndoo ya maji ya magadi, imezwe humo. Akaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Maji haya nimeyafuata bondeni, fundi. Nimepanda nayo mlima. Halafu uyape gesi?"

Akanipa nusu ndoo. Kwa hiyo nusu ya gesi ilimezwa, nusu ikaingia dirisha la chumba cha mikutano cha jirani, ambako wakubwa walikuwa wakijadili vijiji vya ujamaa tangu asubuhi. Walitoka wote wakikohoa. Karani mmoja alikuja kunishukuru kwa siri.

Nikamwaga oili, nikabadili vali, nikajaza gesi mpya. Mota ikazunguka dakika chache, ikachemka, ikazima. Kompresa ilikuwa inavuta gesi nyingi kupita nguvu za mota. Dawa yake ilikuwa kuipunguza mwendo kwa kufunga puli ndogo, gurudumu la kupitishia mkanda, kwenye mota, na puli hiyo sikuipata Newala wala Masasi.

"Ya mti haifai?" mama akauliza.

Ng'ambo ya barabara aliishi mchonga vinyago, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kukimbia vita Msumbiji. Nikamchorea puli kwenye pakiti ya sigara. Akaitazama kwa huruma.

"Kitu kizima hivi hakina hata mtu mmoja?"

Siku ya tatu aliileta, ya mpingo, vipimo sawasawa. Ubavuni alikuwa amezungusha watu kumi na mmoja walioshikana mikono, mmoja akitoa ulimi.

"Wakizunguka kwa kasi hawataanguka?" nikamtania.

"Si wameshikana?"

Nikaifunga. Mota ikanguruma, watu wakapotea wakawa duara moja jeusi. Mchana ule mama akatoa kikombe cha maji chenye utando wa barafu, akauvunja kwa kidole, akacheka peke yake. Kisha akataka sabuni.

Puli ile ilidumu hadi masika ya pili, ikapasuka. Nilipopanda tena Newala na puli ya chuma, mchongaji aliikagua iliyovunjika, akasema nilikaza mkanda mno. Alisema kweli. Mama akaichukua ile ya mpingo akaiweka dirishani, upande wa mwenye ulimi ukitazama chumba cha mikutano.