Nilipokwenda Tukuyu Kununua Ngozi

Nilikwenda Tukuyu kwa sababu ya ngozi za ng'ombe. Shirika la umma la ngozi nililokuwa karani wake, nikipokea na kukagua ngozi ghalani, lilikuwa limefungwa, biashara imeachiwa watu binafsi, nami nilikuwa na mke na watoto wanne Dodoma. Rafiki yangu dereva wa lori aliniambia kwamba huko Rungwe, wilaya ya Tukuyu, wachinjaji wanaziacha ngozi zioze kwa mvua, maana mawakala wa zamani hawaji tena. Nikakata leseni, nikanunua visu viwili na chumvi nusu gunia, nikaondoka.

Siku ya tatu asubuhi nilitoka Mbeya kwa basi. Baada ya Uyole ukungu ulitufunika, na tulipofika Kyimo sikuona kitu isipokuwa mikungu ya ndizi iliyonyanyuliwa madirishani. Saa tano nilishuka Tukuyu.

Ni mji mdogo uliokaa mgongoni mwa kilima. Una boma nene la Wajerumani, soko la ndizi na viazi, na barabara inayoteremka kuelekea Kyela. Maduka yaliyokuwa matupu miaka michache nyuma sasa yalikuwa na sabuni za kila rangi, na mitumba ilitandazwa hadi ukingoni mwa mtaro. Mvua haikukatika. Watu walisalimiana kirefu kwa Kinyakyusa, lakini kila nilipopita mimi maongezi yalikatika.

Mchana huo, kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, mwenye nyumba aliniuliza shughuli yangu. Alikuwa mjane aitwaye Mama Atupele. Nilimjibu kwamba nanunua ngozi. Aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango.

"Baba, neno hilo usilitamke tena hapa," alisema.

Akanieleza kwa sauti ndogo. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba kuna wageni wanaoua watu na kuwachuna, na kwamba ngozi zao zinauzwa ng'ambo. Hakujua nani aliyeziona. Alijua tu kwamba watu hawaendi tena shambani peke yao. Alinisihi nirudi kwetu. Nilifikiria nauli niliyokwisha kulipa, nikamwambia nitakwenda Mpuguso tu, hapo jirani, kwa mchinjaji mmoja niliyeandikiwa jina lake na yule dereva, Ambakisye.

Kesho yake saa mbili nilikuwa njiani kwa miguu, migomba huku na huku, begi lenye visu na sehemu ya chumvi begani. Nilikutana na mama aliyejitwika mkungu. Nilimsalimu, nikamuuliza kwa mchinjaji ni wapi. Alinitazama usoni, akatazama begi, akautupa mkungu na kukimbia huku akipiga yowe.

Yowe lile likapokelewa ng'ambo ya bonde, kisha juu yangu, kisha nyuma. Miguu ilitaka kukimbia. Nikajua nikikimbia nimekwisha, nikakaa chini katikati ya njia, mikono juu ya kichwa.

Wanaume walitoka migombani na kwenye mashamba ya chai, wengine na mapanga. Begi likamwagwa. Visu vikaanguka, na chumvi. Nilisema nina leseni, ipo mfukoni. Kijana mmoja aliyevaa koti la kiwandani akaichukua, akaisoma kwa sauti: "Mnunuzi wa ngozi."

Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni. Sikuisikia ya pili wala ya tatu, nilisikia tu jina la mwanangu mkubwa likinitoka mdomoni.

Aliyewazuia alikuwa mzee mpana mwenye aproni yenye damu. Ndiye Ambakisye. Hakunitetea. Aliwaambia kwamba hanijui, ila kazi yenyewe anaijua.

"Aletewe ngozi ya ng'ombe," alisema. "Kama ni mwongo, mikono yake itasema."

Ikaletwa, mbichi, ya asubuhi ile. Nilipiga magoti matopeni mbele ya watu labda sitini. Kisu kilinikata kidole. Nilikwangua mafuta na vipande vya nyama, nikaokota chumvi yangu pamoja na udongo, nikaipaka kuanzia uti wa mgongo kwenda pembeni, nikaikunja ngozi, upande wa nyama ukiwa ndani. Nilipomaliza, Ambakisye aliifunua, akapapasa kingo, akaikunja tena.

"Huyu ni mtu wa ng'ombe," alisema.

Walinisindikiza hadi mjini, kumi mbele na kumi nyuma, na hadi leo sijui walikuwa wakinilinda au wakijilinda. Mama Atupele aliniosha sikio kwa maji ya moto. Saa nane nilikuwa ndani ya basi la Mbeya, bila ngozi hata moja.

Nyumbani nilisimulia kwa hasira, nikiwaita watu wale wajinga. Mwezi haukupita, mgeni mwenye gunia akasimama mtaani kwetu, akawauliza watoto wangu njia ya sokoni. Nilitoka mbio, nikawavuta ndani wote wanne na kukomea mlango. Nilikuwa nimekwisha kushika mwiko wa ugali kama rungu ndipo nikakumbuka kwamba sijamuuliza hata jina.